Usafi wa Kuta na Haki ya Jirani

Majilio yaingiapo, familia nyingi za Kikristu huitazama upya nyumba yao. Vumbi la kiangazi limekaa ukutani tangu mwezi wa Juni. Moshi wa magari umeacha weusi chini ya paa. Buibui wametanda pembeni mwa madirisha. Noeli yaja, wageni watafika, na pengine kuna harusi au Komunyo ya Kwanza iliyokwisha kupangwa. Basi baba na mama husema: safari hii nyumba lazima ioshwe. Neno hili ni jema. Lakini twataka kulisemea kidogo, kwa maana ndani ya jambo hili dogo la kuosha kuta yamo mambo makubwa ya haki na ya mapendo, nasi huyapita mara nyingi bila kuyaona.

Tuutwae mji wa Tunduma uwe mfano wetu, ingawa tuyasemayo yawahusu pia watu wa Vwawa, wa Mlowo, wa Itumba, na wa kila mji wa nchi yetu. Tunduma ni mlango wa Tanzania upande wa Zambia. Mkoa wake wa Songwe ungali mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na sensa ya mwaka 2022 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 1.3, na katika mji wa Tunduma peke yake zaidi ya 200,000. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita katikati ya mji, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, hupita papo hapo. Tangu mwaka 2019 kuna kituo cha pamoja cha mpakani kati ya Tunduma na Nakonde. Hata hivyo malori yaendayo Zambia na Kongo ni mengi, na popote yapitapo au yasimamapo huacha vumbi na moshi. Moshi wa dizeli una mafuta ndani yake. Ukishikamana na ukuta, hautoki kwa kitambaa kikavu.

Hapo ndipo aitwapo kijana mwenye mashine, ile ile ioshayo magari kando ya barabara. Mashine hiyo huvuta maji, huyabana, kisha huyatoa kwa tundu dogo kwa nguvu nyingi. Watu huiita mashine ya presha. Mjerumani Alfred Kärcher alitengeneza mwaka 1950 mashine ya kwanza ya namna hiyo katika Ulaya iliyotumia maji ya moto, na leo zilizo ndogo zauzwa hata katika miji yetu. Kazi iliyomchosha mtu kutwa nzima kwa brashi na ndoo, mashine huimaliza kwa saa mbili. Hatuna ugomvi na chombo hiki. Akili iliyokibuni ni kipaji cha Mungu. Twauliza tu: kitumike namna gani, na kwa gharama ya nani?

USAFI NI WEMA

Kwanza tuseme wazi kwamba kuosha nyumba si majivuno. Wapo wadhanio kuwa mtu wa Mungu hapaswi kujali sura ya makao yake, mradi roho yake ni safi. Hao wamekosea. Uso wa nyumba si mali ya mwenye nyumba peke yake. Yeye akiisha kuingia ndani hauoni tena. Wauonao ni jirani, mpita njia, mtoto aendaye shuleni, mzee akaaye kizingitini ng'ambo ya njia. Anayeutunza uso wa nyumba yake huwapa hao wote zawadi ya kila siku, nao hawamlipi kitu. Anayeuacha uchakae kwa uvivu huwanyima.

Bibi zetu waliyajua haya. Mvua zilipokwisha, walichota udongo mzuri, wakaukanda, wakasiriba kuta kwa mikono yao. Hawakuhitaji kuhubiriwa. Naye Mt. Martino wa Porres, bruda wa Shirika la Wadominiko mjini Lima nchini Peru, aliyefariki mwaka 1639, huchorwa akiwa na ufagio mkononi. Papa Yohane XXIII alipomtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1962, hakuna aliyemwondolea ufagio ule. Basi ajuaye kufagia na kuosha kwa ajili ya wengine asidhani kwamba yuko mbali na njia ya mbinguni.

MAJI YA NANI?

Sasa tufanye hesabu, maana haki bila hesabu huwa maneno matupu. Mashine ndogo hutumia yapata lita 8 za maji kwa dakika. Kwa saa moja ni lita 480. Kwa saa mbili ni lita 960, yaani ndoo 48 za lita 20. Tuwe wa kweli: mpira wa kawaida ulioachwa wazi kwa muda huo waweza kumwaga maji mengi kuliko hayo. Kosa si la mashine. Lakini ndoo 48 ni ndoo 48. Jamaa ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, na hicho ni kipimo cha kujibana sana, ingekaa siku 8 kwa maji hayo.

Watu wa Tunduma wamelilia maji kwa miaka mingi. Mji umekua upesi kuliko mabomba yake. Na mwisho wa kiangazi, Oktoba na Novemba, ndipo visima hupungua na bei ya ndoo hupanda. Nao ndio wakati ule ule tunapotaka kuta zing'ae kwa ajili ya Noeli. Basi kabla mashine haijawashwa, baba wa nyumba na ajiulize: ndoo hizi 48 zimetoka wapi? Je, zimetoka katika kisima ambacho mjane wa jirani hukitegemea, naye atakuta tope tu jioni? Na nani aliyezichota? Mara nyingi si baba wala mama. Ni binti wa kazi, au mtoto wa ndugu aliyeletwa mjini kwa ahadi ya kusomeshwa, aamkaye alfajiri na kurudi na ndoo kichwani mara tano, mara sita, kisha huchelewa shule. Ukuta umeng'aa, na shingo ya mtoto yauma. Mungu haoni ukuta tu. Aiona na ile shingo.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu, kwa kuwa uhai wenyewe hushikwa na maji. Neno hilo halikuandikwa kwa ajili ya serikali peke yake. Lahusu pia mwenye bomba uani ambaye jirani yake hana. Maji yana daraja zake. Ya kwanza ni ya kunywa. Kisha ya kupika. Kisha ya kunawa mikono na kusafisha choo. Baada ya hayo ndipo ya kuta na magari. Tusisahau kwamba mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kiliua watu mamia nchini Zambia, na Zambia kwa mtu wa Tunduma ni ng'ambo ya barabara. Nyumba yenye kuta nyeupe lakini isiyo na maji ya kunawa mlangoni pa choo haijawa safi bado. Imejipamba tu.

Je, tuache kuosha? La. Tuongozwe na busara. Vumbi kavu halihitaji maji mengi. Ufagio laini na kitambaa chenye unyevu huliondoa. Weusi wa moshi hutaka sabuni na brashi, kisha maji kidogo ya kusuuza. Tena, mwenye paa la bati na afunge mifereji, ile ambayo wengi huiita gata, na kuweka pipa au tangi chini yake. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 60, ni lita 600. Hata sehemu yake ikipotea, zabaki kama ndoo 25. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa; zifuatazo zikingwe. Mwenye subira ya wiki mbili tatu ataosha nyumba yake kwa maji aliyoletewa na Mungu bila kumnyang'anya mtu. Tena mfereji huo utazuia udongo mwekundu usirukie ukuta, na hivyo mwakani kazi itakuwa nusu. Na maji machafu yenye sabuni yasiachwe kutiririka kuelekea ua wa jirani au kisima chake. Tusiwe watu wa kuhamisha uchafu wetu kutoka ukutani petu hadi mlangoni pa mwingine, kisha tukajiita wasafi.

UJIRA WA MWOSHAJI

Kijana amemaliza kazi. Nguo zimelowa, macho mekundu kwa vumbi na sabuni. Pengine mashine si yake. Jioni hana budi kumpa mwenye mashine fungu lake, na petroli amenunua mwenyewe. Mwenye nyumba azunguka nyumba, anyoosha kidole: doa lile halikutoka, na lile pale, tena umechelewa. Bei iliyopatanwa asubuhi yapunguzwa jioni. Au asema: njoo kesho. Kesho yake asema: njoo Jumamosi. Jumamosi mlango umefungwa, na ndani yasikika sauti ya redio.

Ndugu, huo ni wizi. Hauitwi kwa jina jingine kwa sababu mwizi ana nyumba nzuri. Torati ya Musa iliamuru kwamba ujira wa kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla ya jua kutua, kwa sababu amewekea moyo wake hapo. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya barua yake, awaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia wapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Papa Leo XIII aliyakariri mafundisho hayo katika waraka Rerum Novarum mwaka 1891, akisema kwamba hata mapatano ya hiari hayatoshi ikiwa ujira haumwezeshi mfanyakazi mwenye kiasi kuishi. Hayo yote yamfikia kijana wa mashine ya presha. Yeye naye ana mama, ana kodi ya chumba, na labda mtoto mchanga. Basi mpatane mapema, mseme wazi kazi ni ipi, kisha mlipe pesa yake mkononi kabla hajakunja mpira wake.

Zaidi ya hayo, tuwe na huruma na mwili wake. Maji yatokayo katika mashine hiyo hubanwa mara kumi na zaidi kuliko upepo ulio ndani ya tairi la lori. Yaweza kupenya ngozi ya mkono au ya mguu, na kidonda huonekana kidogo kama tundu la sindano, kumbe ndani nyama imeharibika. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali siku ile ile, asiambiwe avumilie. Asipande ngazi huku ameshika bomba. Asielekeze maji kwenye mita ya LUKU wala nyaya za umeme. Na mahali palipo na paa la zamani la vigae vya asbesto, mashine isitumike kabisa, kwa kuwa maji yenye nguvu huyachimbua manyuzi yake madogo, nayo yakivutwa na pumzi huleta maradhi ya mapafu miaka mingi baadaye. Mwenye nyumba ajuaye haya akayanyamazia atakuwa na hesabu ya kutoa.

NGUVU NA UDONGO

Sasa twafika mahali ambapo ukuta wenyewe hutufundisha. Nyumba nyingi za Mbozi na Momba zimejengwa kwa matofali ya kuchoma. Tofali lililoiva vizuri tanurini lina ganda gumu kwa nje. Ndani ni laini zaidi. Lililokaa pembeni mwa tanuri halikuiva sawasawa. Na katika nyumba nyingi, hasa za zamani, kati ya tofali na tofali hakuna saruji bali udongo. Mtu asiyejua akiisogeza mashine karibu na ukuta huo kwa nguvu zake zote, doa hutoka kweli, lakini pamoja na doa hutoka ganda la tofali, na udongo wa katikati huchimbuka. Siku ile nyumba yapendeza. Mvua zijapo, maji huingia katika matundu yale, na baada ya miaka michache ukuta waanza kupasuka. Na nyumba ya matofali mabichi isioshwe hivyo hata kidogo, itayeyuka.

Fundi mwenye busara hufanya vingine. Huanza nyuma ya nyumba, mahali padogo pasipoonekana, ajaribu. Husimama mbali. Hutandaza maji yawe mapana kama feni, wala hayakusanyi yawe kama sindano. Hupaka sabuni kutoka chini kwenda juu, husubiri, kisha husuuza kutoka juu kwenda chini. Penye lipu iliyopasuka huweka mashine chini na kushika brashi. Hata huko Roma, nguzo 284 ziuzungukazo uwanja wa Mt. Petro ziliposafishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla ya Jubilei Kuu ya mwaka 2000, hazikupigwa kwa nguvu kubwa. Zilisafishwa kwa mnyunyizo wa nguvu ndogo ili jiwe lisichunike. Waliokuwa na mashine kubwa kuliko zote ndio waliojua kuizuia.

Wazazi wasomao maneno haya wamekwisha kuelewa twaenda wapi. Mtoto amekosa, ni kweli amekosa, doa lipo. Baba amjia kwa makofi na matusi mbele ya wageni. Doa latoka: mtoto hatarudia kosa lile mbele ya baba. Lakini nini kingine kimetoka pamoja nalo? Ule udongo ulioshika tofali na tofali, yaani tumaini la mtoto kwa baba yake, umechimbuka. Ufa wake hautaonekana leo. Utaonekana miaka kumi ijayo, kijana atakapokuwa Tunduma mpakani au Dar es Salaam, amepatwa na shida, naye hatamwambia baba yake neno. Vivyo hivyo mume kwa mke, na mke kwa mume: neno kali moja, lililoelekezwa mahali pamoja kama sindano, laweza kuondoa doa na ndoa pamoja.

Hatusemi madoa yaachwe. Mzazi asiyemrudi mtoto hampendi. Twasema kwamba nguvu ipimwe kwa ugumu wa ukuta na wala si kwa ukubwa wa hasira. Bwana wetu Yesu Kristu aliwafukuza wafanya biashara hekaluni kwa mjeledi wa kamba, kwa kuwa mioyo yao ilikuwa migumu kama jiwe. Lakini Zakayo, aliyekuwa mdhalimu wa kodi na anajulikana hivyo na mji mzima, Bwana alimwita kwa jina lake, akaingia nyumbani mwake, akawa mgeni wake. Zakayo mwenyewe ndiye aliyesimama na kutangaza kwamba atarudisha alichodhulumu mara nne. Hapakuwa na mjeledi, na nyumba ile ilisafika.

DOA LIRUDILO

Kuna uchafu mwingine ukutani, wa kijani au mweusi, uotao palipo na unyevu. Huku kwetu kusini mwa ikweta, miezi ya Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini. Ukuta utazamao kusini haupati jua, hubaki na umande, na kuvu huota. Mtu huuosha kwa mashine, hutoka wote, afurahi. Mwaka haujaisha, umerudi mahali pale pale. Auosha tena, umerudi tena. Kwa nini? Kwa sababu bomba lavuja ndani ya ukuta, au mfereji wa paa umetoboka, au kichaka kimeachwa kikaegemea nyumba. Aliosha doa, hakuondoa kilicholilisha.

Kitabu cha Walawi, katika sura yake ya kumi na nne, chasimulia jambo la kufanana na hilo. Mtu akiona madoa ya kijani au mekundu katika kuta za nyumba yake, alipaswa kwenda mwenyewe kumwambia kuhani. Kuhani alikuja kutazama kama doa limeingia ndani kuliko uso wa ukuta. Nyumba ilifungwa siku saba. Doa likienea, mawe yenye doa yaling'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zilikwanguliwa, zikapigwa lipu mpya. Tazameni utaratibu huo: mwenye nyumba mwenyewe ndiye aendaye kusema; kuhani hupima kina cha doa; na jiwe lililooza huondolewa, halipakwi rangi juu.

Je, siyo hayo yapatikanayo katika sakramenti ya Kitubio? Hakuna atakayekuja kuchungulia moyo wako. Ni wewe uendaye na kusema. Na ukisema, haitoshi kusuuza uso. Mtu huungama ulevi kila Majilio, na kila Januari yuko pale pale kilabuni, kwa sababu hakubadili njia ya kurudia nyumbani. Mwingine huungama hasira, lakini hakulipa deni liamshalo hasira. Mwingine huungama uongo wa biashara ya mpakani, magunia yaliyopita usiku bila ushuru, naye shehena ya wiki ijayo amekwisha kuiagiza. Huyo ameosha doa na kuliacha bomba lavuja. Msamaha wa Mungu ni wa kweli na haukosi nguvu. Lakini toba ya kweli hung'oa pia nafasi ya dhambi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na bomba livujalo halijui sikukuu.

MLANGO

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Bwana wetu alisema kwa ukali zaidi alipowaambia waandishi na Mafarisayo, kama asimuliavyo Matayo katika sura ya ishirini na tatu, kwamba wanafanana na watu waoshao kikombe kwa nje huku ndani kimejaa unyang'anyi, na kwamba wao ni kama makaburi yaliyopakwa chokaa. Angalieni, hakukataza kuosha nje. Aliagiza ndani kuanze, na nje kutafuata. Kuna kilio ambacho ukuta uliooshwa haukizuii. Majirani hukisikia usiku, nao asubuhi hupita wakisifu rangi ya nyumba kwa sababu hawajui waseme nini.

Tena zipo nyumba zilizooshwa na kupakwa rangi kwa fedha za mikopo, ile ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Baba ametaka wageni wa harusi wasimcheke. Wageni wamekula, wamesifu, wamekwenda. Mkopeshaji amebaki, naye huja kila wiki. Twawaambia ndugu hao kwa upendo: hakuna mgeni mwema atakayekupungukia heshima kwa sababu ya ukuta uliofagiliwa tu. Atakayekucheka kwa hilo, usimkopee.

Na mgeni mwenyewe ni nani? Tunduma ni mji wa wasafiri. Kuna dereva aliyekaa siku nyingi kwenye foleni mbali na watoto wake. Kuna mama aliyeibiwa nauli stendi. Kuna kijana aliyekuja kutafuta kazi, hana pa kulala. Katika Betlehemu zilikuwako nyumba safi usiku ule Maria na Yosefu walipopita. Hatusomi kwamba zilikuwa chafu. Twasoma kwamba nafasi haikupatikana. Yafaa kuliogopa jambo hilo. Tunaweza kuosha kuta zetu zote, tukapaka chokaa, tukatundika nyota ya karatasi juu ya mlango, kisha huyo tunayemngojea akaja kubisha na kuambiwa kwamba mwenye nyumba hayupo.

Basi, wasomaji wapenzi, katika Majilio haya kila familia na ikae pamoja jioni moja, kabla ya sala, ikubaliane mambo machache. Nyumba ioshwe kadiri ya maji yaliyopo, na ndoo ya kwanza iende kwa jirani asiye na bomba. Anayeosha alipwe siku ile ile, kwa bei iliyosemwa. Mfereji utobokao uzibwe kabla ya doa kusuguliwa, na kila mtu mzima wa nyumba aende kuungama akiwa amekwisha kutafakari ni bomba gani livujalo ndani yake. Mwisho, kiti kimoja kiwekwe mezani siku ya Noeli kwa ajili ya mtu ambaye hana kwao karibu.

Katika parokia nyingi padre hupita wakati wa Epifania kubariki nyumba. Hatahitaji ndoo 48. Hubeba maji kidogo sana katika chombo kidogo, hunyunyiza matone machache kizingitini na vyumbani, akiomba amani ya Mungu ikae humo. Matone yale hayaondoi vumbi wala moshi. Yaja kukuta kazi ambayo mikono yetu imekwisha kuifanya, au tuliyokataa kuifanya. Mungu atujalie ayakute makao yetu yametengenezwa kwa haki, ndani na nje, na mlango ukiwa wazi.